Fedha Yenye Jina: Kutoka Tongoni hadi Lubumbashi



Wiki hii tunatembea. Tunaanza hapa kwetu, Tongoni, tunashuka mpaka Lubumbashi, tunavuka bahari, halafu tunarudi kwenye sanduku lililo chini ya kitanda cha kila mmoja wetu. Tunakwenda kutazama vyombo vya fedha. Hatusemi franga za kununulia chumvi. Tunasema fedha yenyewe, ile madini nyeupe ya vikuku na pete za nyanya zetu. Na tutakaa zaidi kwenye vyombo vya ibada vya Wayahudi, watu wa Torati, kwa sababu kuna jambo walilofanya na fedha yao ambalo sisi tunalihitaji mwaka huu.

Kwa nini mwaka huu? Mnajua wenyewe. Wanunuzi wanapita na mizani yao midogo, ile ya kupimia dhahabu, na sasa hawaulizi dhahabu peke yake. Wanauliza: “Mama, hakuna kikuku cha zamani? Hakuna hirizi? Hakuna kikombe?” Wanaweka juu ya mizani, wanataja bei, wanakwenda. Na mama anabaki na franga za minervali ya muhula mmoja. Katika kikao chetu wengine walisema wauze, wengine walisema wasiuze, na sauti zilipanda. Kabla ya kukata shauri, twendeni tuone wengine walivyofanya.

Tongoni

Kasongo ya leo siyo Kasongo ya kwanza. Mji wa zamani ulikuwa pale tunapopaita Tongoni, na jina lenyewe linajieleza: tongo ni mahali palipohamwa. Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa Unguja anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alipafanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870. Baadaye mwanawe Sefu alikaa mahali pake. Wali tunaopika, Kiswahili tunachosema, maulidi tunayosoma, vingi vilishuka hapa wakati ule, vikaenda mpaka vijiji vya mbali vya Maniema.

Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya mfalme Leopold wa Pili, chini ya Dhanis, yaliingia mji ule. Alikuwamo mganga Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya vita hivyo, kikatoka mwaka 1897. Anaeleza kwamba askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri katika vitanda vya kuchongwa. Anaeleza kwamba ndani ya nyumba walikuta mishumaa na sukari, na vikombe vya fedha na vya kioo kwa wingi. Pembe za ndovu peke yake zilikuwa kama tani 25.

Vikombe vya fedha, hapa Kasongo! Leo viko wapi? Miaka ya karibuni wataalamu wa mambo ya kale, Wakongomani na Wabelgiji pamoja, wamefanya uchunguzi Tongoni, na wamezungumza na wazee wetu pia. Lakini vikombe vile vilikwenda na waliovichukua. Kikombe kisichoandikwa jina hakina pa kurudi. Kikifika soko la Ulaya ni kikombe tu. Kikiingia tanuru ni donge tu.

Kuna swali la pili, nalo ni zito zaidi, wamama. Fedha ile ilinunuliwa kwa nini? Tunajua jibu, ingawa hatupendi kulisema kwa sauti. Ilinunuliwa kwa pembe, na pembe zilibebwa na watu, na watu wengine walikamatwa vijijini mwao wakauzwa. Katika damu yetu sisi wa Kasongo wako waliokamata na wako waliokamatwa, na mara nyingi wako pamoja katika lopango moja. Tukae na swali hilo. Tutalihitaji mbele ya safari.

Njia ya reli

Wamama wa biashara wanaijua njia ya kusini. Pikipiki mpaka Samba, na mpunga na mafuta ya mawese nyuma. Pale Samba tunangoja treni. Halafu Kongolo, Kabalo, Kamina, mpaka Lubumbashi. Kule tunanunua vitenge, sabuni, vyombo vya jikoni, tunarudi.

Wanaofika Lubumbashi wanapita mbele ya makanisa na misikiti mingi, na iko nyumba nyingine ya sala mjini ambayo wachache wanauliza ni ya nani. Ni sinagogi, nyumba ya sala ya Wayahudi, iliyojengwa karibu na mwaka 1930, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville. Wengi wa waliosali humo walitoka kisiwa kimoja kidogo katika bahari ya Mediterania, kiitwacho Rhodes, ambacho leo ni sehemu ya Ugiriki.

Walikujaje mpaka Katanga? Mababu zao walikuwa wenyeji wa Hispania. Mwaka 1492 mfalme na malkia wa Hispania waliwaamuru Wayahudi wote wabatizwe au waondoke. Waliotoka walipokelewa katika nchi za sultani wa Uturuki, na Rhodes ikawa mojawapo. Zaidi ya miaka 400 baadaye wajukuu zao walikuwa bado wanasema Kihispania cha zamani nyumbani, kama sisi tunavyosema Kiswahili mbali na pwani. Kisiwa kilipokuwa maskini, vijana walitafuta kazi mbali, na mwanzoni mwa karne ya 20 wengine walifuata reli mpya ya Katanga. Wakauza nguo, wakafungua butiki. Mwaka 1937 alifika kiongozi wao wa dini, Moïse Levy, naye akabaki nchini mpaka 1991. Baba yake Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, alikuwa mmoja wa watu hao wa Rhodes. Kwa hiyo hatusemi juu ya watu wa mwezini. Tunasema juu ya majirani wa nchi moja na sisi.

Torati iliyovikwa kama bibi harusi

Sasa tuingie kwenye fedha yenyewe. Katika kila sinagogi, kitu cha heshima kuliko vyote ni gombo la Torati. Siyo kitabu cha karatasi. Ni ngozi ndefu iliyoandikwa kwa mkono, herufi moja moja, na imezungushwa juu ya vijiti viwili. Vijiti hivyo wanaviita mti wa uzima. Na gombo halikai uchi. Kwa Wayahudi wa Ulaya linavikwa joho la kitambaa kizuri. Kwa wale wa Iraki na Yemeni linakaa ndani ya kasha gumu. Juu yake linapambwa kwa fedha, kama sisi tunavyompamba bibi harusi: kichwani, kifuani, mkononi.

Kichwani wanaweka mapambo mawili, moja juu ya kila kijiti, na wanayaita kwa jina la tunda: makomamanga. Waislamu wetu wanalijua tunda hili, kwa Kiarabu rumman, nalo limetajwa katika Kurani kati ya matunda ya peponi. Kwa Kiebrania jina ni karibu lilelile, rimon. Wakristo wetu wafungue kitabu cha Kutoka, sura ya 28: pindo la vazi la Haruni kuhani lilishonwa makomamanga na kengele za dhahabu, zipishane, ili alipoingia patakatifu sauti isikike. Ndiyo maana makomamanga ya fedha nayo yananing’inia vikengele vidogo. Gombo linapobebwa kati ya watu linalia, na mtoto aliye nyuma ya mama yake anajua, bila kuona, kwamba Torati inapita. Mapokeo yao yanasema pia kwamba komamanga lina mbegu 613, hesabu sawa na amri za Torati. Hakuna anayekaa kuhesabu. Maana yake ni kwamba tunda moja limejaa kazi nyingi njema.

Mara nyingine badala ya makomamanga, au juu yake, linawekwa taji kubwa la fedha. Wanachuoni wao wa zamani walifundisha kwamba kuna taji la ufalme, taji la ukuhani, na taji la elimu ya Torati, lakini jina jema linapita yote matatu. Wamama, mafundisho hayo tungeweza kuyasema hata hapa Kasongo, na kila nyanya angeitikia.

Kifuani inaninginizwa sahani ya fedha yenye mnyororo. Inakumbusha kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu, chenye mawe 12 ya makabila 12 ya Israeli. Juu ya sahani hiyo mafundi walichora simba wawili wamesimama, kwa sababu Yakobo alipombariki mwanawe Yuda alimfananisha na simba. Walichora nguzo mbili, nazo ni Yakini na Boazi, zilizosimama mbele ya hekalu la Sulemani. Walichora mizabibu na ndege. Uso wa Mungu hawakuuchora kamwe. Hapo Waislamu wetu wanaelewa mara moja.

Na mkononi? Gombo halishikwi kwa vidole, maana jasho linaharibu wino na utakatifu wake unataka adabu. Msomaji anafuata mstari kwa kijiti cha fedha, na ncha yake ni kimkono kidogo kilichonyosha kidole cha shahada. Jina lake ni yad, yaani mkono, na Waarabu nao husema yad. Katika vyombo vyote, hiki ndicho kinachotugusa zaidi: mkono mdogo kama wa mtoto, unaoonyesha neno baada ya neno, ili lisirukwe hata moja.

Fedha ya mama

Msifikiri fedha yao ni ya sinagogi tu, ambako kwa desturi ya zamani wanaume ndio waliosoma. Nyumbani ibada iko mikononi mwa mama.

Ijumaa, kabla jua halijatua, mama wa nyumba anawasha taa za Sabato, kwa kawaida mbili, anafunika macho, anaomba. Akishawasha, kazi za juma zimekwisha. Vinara vya taa hizo, kama familia ina uwezo, ni vya fedha, na vinapita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kisha baba au mkubwa wa nyumba anabariki kikombe cha divai, nacho pia ni cha fedha, na kinapita mezani.

Jumamosi usiku, Sabato ikiondoka, wananusa manukato: karafuu, mdalasini na vinginevyo, kutoka kwenye kikasha chenye matundu. Ni kama kuifariji roho, kwa sababu siku nzuri imekwisha na kazi zinaanza tena. Huko Ulaya vikasha hivi mara nyingi vilifanywa kwa umbo la mnara mdogo, wenye kipaa na bendera juu. Na katika nchi za Kiarabu na za Kituruki, Wayahudi walinyunyiza maji ya waridi siku za furaha kwa mrashi wa fedha, chombo kilekile cha shingo nyembamba ambacho Waislamu wa pwani wanatumia katika harusi na maulidi, pamoja na chetezo cha udi.

Iko alama nyingine inayofanana na adabu zetu: birika na bakuli. Kabla makuhani hawajabariki watu, Walawi wanawamwagia maji mikononi. Kwa hiyo mtu wa ukoo wa Walawi, hata kaburi lake, huchorwa birika. Na mtu wa ukoo wa makuhani huchorwa mikono miwili iliyonyoshwa kwa baraka. Kila mama hapa amewahi kumfundisha binti yake kushika birika kwa mkono wa kuume na bakuli kwa wa kushoto mbele ya mgeni. Tunajua kwamba kumnawisha mtu mikono ni kumwambia: karibu, wewe ni mtu.

Mikono ya nani iliifua?

Mtu akiona vyombo hivi atafikiri mafundi wote walikuwa Wayahudi. Sivyo. Katika miji mingi ya Ulaya vyama vya mafundi havikumpokea Myahudi. Basi komamanga la Torati na taa ya Sabato zilifuliwa na fundi Mkristo, ambaye aliambiwa tu: weka simba hapa, weka nguzo pale, nakili herufi hizi.

Huko Yemeni mambo yalikuwa kinyume. Kazi ya kufua fedha ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wayahudi. Bibi harusi Mwislamu wa Sanaa alivaa mkufu, vikuku na kisanduku cha hirizi vilivyotoka kwa fundi Myahudi. Fedha yenyewe mara nyingi ilitoka kwenye riali kubwa yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, iliyozunguka Bahari ya Shamu yote na kufika Unguja. Ina uzito wa gramu 28 hivi, na kila moja imeandikwa mwaka 1780, hata ikipigwa miaka 100 baadaye. Mwaka 1949 na 1950 Wayahudi kama 49,000 wa Yemeni walihamia Israeli kwa ndege, na mafundi waliambiwa kwanza wawafundishe Waislamu kazi yao.

Fikirini basi. Mkristo amefua taji la Torati. Myahudi amefua kisanduku cha kutia aya ya Kurani. Hapa kwetu, ambapo adhana na kengele ya misa zinasikika asubuhi moja, jambo hili halitushangazi, lakini ni vizuri watoto walisikie.

Na si kufua tu. Hata kuhifadhi. Makomamanga ya zamani kuliko yote yanayojulikana yalitengenezwa katika kisiwa cha Sicilia, katika karne ya 15. Leo yako katika hazina ya kanisa kuu la Palma, kisiwa cha Mallorca, Hispania. Wayahudi walifukuzwa, lakini makomamanga yalibaki katika mikono ya kanisa, na maandishi yake ya Kiebrania hayakufutwa.

Rhodes, Julai 1944

Turudi kwa watu wa Rhodes. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, waliokuwa wamefika Kongo walisalimika. Waliobaki kisiwani walikamatwa na Wajerumani. Tarehe 23 Julai 1944 waliwekwa katika mashua, watu zaidi ya 1,700 wa Rhodes na wa kisiwa jirani cha Kos, wazee na watoto wachanga pamoja, wakapelekwa mpaka Auschwitz kuuawa. Waliorudi hai hawakufika 200. Fikirini jinsi habari ile ilivyofika Élisabethville, kwa mtu anayeuza vitenge ambaye mama yake na dada zake walikuwa kule.

Wazee wa Rhodes wanasimulia kwamba kabla ya siku ile, magombo ya Torati yalitolewa sinagogini yakapelekwa kwa mufti wa Waislamu wa kisiwa, Suleyman Kaslioglu, naye akayaficha ndani ya msikiti, chini ya mimbari. Wanajeshi hawakufikiri kuyatafuta pale. Vita vilipokwisha, aliyarudisha.

Mahali pengi hali ilikuwa nyingine. Vyombo vya fedha vya masinagogi vya Ulaya viliibwa kwa maelfu, vingi vikayeyushwa. Vingine vilikusanywa Prague, kutoka jumuiya za Wayahudi za Bohemia na Moravia, na viko katika jumba la makumbusho la mji huo hadi leo. Na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo tulilolifuata. Vyombo vingi vilivyookoka vinajulikana vilitoka wapi, kwa sababu vilikuwa na maandishi. Ilikuwa desturi kuandika juu ya fedha: fulani mwana wa fulani alitoa taji hili, mume fulani alitoa kijiti hiki kwa roho ya mkewe, mama fulani alitoa vikengele hivi kwa kumbukumbu ya mtoto, na mwaka. Watu waliuawa wote, kijiji kikafutwa, lakini kengele ndogo inasema: palikuwa na mwanamke, jina lake hili, alitoka mji huu, alimpenda mtoto wake.

Vikombe vya Tongoni havisemi neno.

Lini iuzwe?

Sasa mama mmoja atasema: “Maneno mazuri, lakini mtoto wangu amerudishwa kutoka shuleni.” Tunasikia. Tena Wayahudi wenyewe hawakusema kwamba fedha takatifu haiuzwi kamwe. Wanachuoni wao walibishana sana juu ya jambo hilo, na jibu lao linastahili kusikilizwa.

Gombo la Torati haliuzwi ovyo. Lakini waliruhusu liuzwe kwa ajili ya masomo, na kwa kumwoza asiye na kitu. Na juu ya hayo yote waliweka jambo moja: kumkomboa mateka. Musa bin Maimuni, mganga na mwanachuoni mkubwa aliyeishi Misri, alifundisha kwamba hakuna sadaka kubwa kuliko hiyo, kwa sababu mateka ana njaa, ana kiu, yuko uchi, na roho yake iko hatarini, yote kwa pamoja. Mji wa Bilbeis ulipotekwa mwaka 1168 na watu wake kuchukuliwa, yeye mwenyewe alisimamia mchango wa kuwakomboa. Alifundisha kwamba hata franga zilizochangwa kujenga sinagogi, hata mawe na mbao zikiwa zimekwisha kununuliwa, zigeuzwe kwa ajili ya mateka.

Sasa lile swali la Tongoni tulilolibeba njia nzima linapata jibu lake. Kuna fedha iliyoingia nyumbani kwa kumuuza mtu. Na kuna fedha iliyotoka nyumbani kwa kumkomboa mtu. Kwa macho ni madini yaleyale meupe, na mizani ya mnunuzi haioni tofauti. Lakini sisi tunaiona. Nyanya zetu wengine waliingia Kasongo wakiwa mateka, na hakuna aliyetoa kikuku kwa ajili yao. Na katika miaka hii ya vita, wako wamama kati yetu waliotoa kila kitu ili binti arudi kutoka porini. Mama aliyetoa kikuku cha nyanya yake kwa ajili hiyo hakupoteza urithi. Ameutumia kwa kazi yake ya juu kabisa. Asione haya mbele ya mtu.

Kwa hiyo hatusemi usiuze. Tunasema: usiuze bila kujua, wala bila jina.

Kwa kikao cha wiki hii

Tunapendekeza kila kikundi kifanye haya, bila haraka.

Kwanza, kila mama alete jina la kitu kimoja cha zamani kilicho nyumbani. Akiogopa kukileta chenyewe, alete maneno tu. Kikuku, kekee, mtali, pete, hirizi, sinia, mrashi, hata birika la shaba. Siyo lazima kiwe fedha. Kinu cha nyanya ni urithi pia.

Pili, tumuulize mama mzee kuliko wote katika lopango: kilikuwa cha nani, kilikuja na nani, kutoka wapi, kilivaliwa siku gani. Na zile alama juu yake, mwezi, nyota, samaki, majani, zilikuwa na maana gani? Tuulize sasa. Mwaka ujao anaweza asiwepo.

Tatu, tuandike. Daftari la kikundi linatosha: jina la kitu, jina la mama wa kwanza, la mama wa pili, la aliye nacho leo. Mwenye simu apige picha, mbele na nyuma, na picha ihifadhiwe kwa mama mwingine pia, siyo kwa mwenye kitu tu. Tuliokimbia tunajua kwa nini. Na daftari hilo lisitoke kwenye kikundi, wala mtu asiseme sokoni nani ana nini.

Nne, mama akibanwa na haja, aje kwanza kwa likelemba kabla ya kwenda kwa mwenye mizani. Kikundi kinaweza kumkopesha, na kitu kikabaki rehani kwa wenzake, ambako anaweza kukirudia. Mnunuzi anayepita harudi. Kama ni lazima kiuzwe, tufuate mpangilio ule: uhai wa mtu mbele, halafu masomo, halafu ndoa. Kitambaa kipya cha sikukuu hakimo katika orodha.

Na tano, hata kikiuzwa, kisifutwe katika daftari. Iandikwe kwamba kiliuzwa mwezi fulani, mwaka fulani, ili mtoto fulani atibiwe. Siku moja mtoto huyo atasoma mstari huo na kujua thamani aliyopewa, na kikuku kitakuwa bado kinafanya kazi ingawa hakipo.

Tuonane kikaoni, na Mungu atulinde sote.